Sijambo ya Mgonjwa

Mtu awe amelala kitandani mwezi wa tatu, mifupa ya mashavu imejitokeza na shuka limekuwa mzigo juu ya mwili wake, nawe uingie chumbani umsalimu, "Hujambo, mama?" atakujibu "Sijambo," maana ndivyo alivyolelewa, na katika adabu ya watu wetu, wa pwani na wa bara, salamu huitikiwa kwanza kwa heri, kisha, baada ya kuulizana habari za nyumbani, za watoto na za mvua, ndipo shari hutolewa kidogo kidogo, mfano wa mtu anayefungua furushi mbele ya mgeni. Sijambo hiyo nimeisikia katika vyumba vingi vya Kariakoo, Gerezani na Ilala, mjini Dar es Salaam, nayo ndiyo iliyonipa somo la kwanza la kazi yangu. Daktari mgeni niliyekuwa nikifuatana naye aliuliza kwa Kiingereza mgonjwa anaendeleaje. Nikauliza kwa Kiswahili. Mama akasema sijambo, namshukuru Mungu. Nami nikalirudisha jibu lile kama lilivyo, bila kupunguza wala kuzidisha, nikidhani kuwa uaminifu wa mkalimani ni huo na hauna mwingine. Daktari akaandika katika faili kwamba mgonjwa hana malalamiko. Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, jirani wa chumba cha pili akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yule hakuwa amepata usingizi kwa siku nne, na kwamba usiku huuma upindo wa khanga ili watoto wasimsikie.

Tukavua viatu, tukarudi ndani.

Tangu siku hiyo husalimu kama inavyopasa, na sijambo huipokea kwa heshima yake, lakini baada yake huketi mkekani nikauliza mahali na namna. Kiswahili kimejaaliwa utajiri mkubwa katika mlango huu: kichwa huwanga, jipu hupwita, kidonda huchonyota, mbavu huchoma, tumbo husokota, koo hukereketa, mgongo huvuta, na miguu huwaka moto au hufa ganzi. Maneno haya si mapambo. Mgonjwa asemaye kuwa paja linawaka moto tangu nyongani mpaka gotini aghalabu mshipa wake wa fahamu umebanwa na uvimbe, na dawa atakayopewa haitakuwa sawasawa na ya yule ambaye mfupa unamwuma kwa uzito usiku kucha. Mkalimani akiyakusanya yote mawili katika neno moja la Kiingereza, amemnyima tabibu nusu ya uchunguzi wake. Na liko neno uchungu, ambalo ni la mzazi aliye katika kujifungua, ni la shubiri mdomoni, na ni la moyo uliofiwa. Mwanamke mmoja wa Mtaa wa Likoma aliniambia, "Mwanangu, leo nina uchungu," nami nikafasiri maumivu, na nusura muuguzi amwongezee kipimo cha dawa, kumbe binti yake alikuwa ameachishwa shule asubuhi ile ili abaki nyumbani kumwuguza.

Dawa yenyewe, mofini ya maji, ni chungu mdomoni na ni rahisi kuitumia: unga wake huyeyushwa katika maji, mgonjwa hupewa kwa bomba dogo lisilo na sindano au kwa kijiko, kila baada ya saa nne, na kipimo cha usiku huongezwa maradufu ili apate kulala mpaka alfajiri. Kampala, ambako Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, hutiwa rangi, kijani, waridi na buluu, ili nguvu moja isichanganywe na nyingine. Kwetu sisi hatari niliyoiona mimi haikuwa ya rangi, ilikuwa ya saa. Mtu aliyezoea saa za Kiingereza huandika 10 juu ya karatasi akikusudia saa nne, na mke wa mgonjwa, ambaye amehesabu saa zake tangu utotoni kwa kuchomoza na kuchwa kwa jua, husoma kumi na kungoja mpaka alasiri, huku mumewe akijipinda kitandani. Tangu nilipoligundua hilo sikuandika tena tarakimu peke yake. Niliandika alfajiri soko linapofunguliwa, saa nne chai inapopita mitaani, saa nane, saa kumi na mbili magharibi, na saa nne ya usiku kabla ya kulala. Hukaa pia na wenye nyumba nikawaeleza kwamba dawa hii haikuletwa kuharakisha mauti, maana hofu hiyo iko katika kila nyumba hata kama haisemwi, na kwamba itamfunga mgonjwa choo, kwa hiyo wamnunulie papai, na mbegu zake wazianike na kuzisaga. Kidonda chenye harufu, ambacho katika nyumba ya vyumba sita huwafanya wapangaji wenzake waanze kupita mbali na mlango wa mgonjwa, tulikinyunyizia vidonge vya metronidazo vilivyosagwa, na mara nyingi katika siku chache majirani hurudi wakaketi tena kitandani kwake. Nakumbuka mama mmoja aliyelia siku aliporudiwa na shoga yake. Ugonjwa haukuwa umemliza hata mara moja.

Mimi nilizaliwa Mtaa wa Nyamwezi, katika nyumba ya namna hiyo hiyo, vyumba vitatu kila upande wa ukumbi na uani mna jiko, bomba na mti wa mwarobaini. Jina la Kariakoo, kama wengi wajuavyo, limetoka kwa wapagazi: Waingereza walipoutwaa mji kwa Wajerumani mwaka 1916, mahali hapo palikuwa kambi ya kikosi cha wachukuzi wa vita kilichoitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo mpaka likawa letu. Watu wale walichukua unga, risasi na majeruhi vichwani na mabegani, na wengi hawakurudi makwao. Baba yangu naye alikuwa mchukuzi, akibeba magunia sokoni kabla halijajengwa soko kubwa lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, na baada yake pia, akishuka na kupanda ngazi za shimoni, chini ya soko, mpaka magoti yalipomkatalia. Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mbele yetu kila alipopata msaidizi mpya, kwamba mchukuzi anayepunguza gunia njiani ni mwizi, hata kama alichopunguza alikimwaga chini asikile.

Bibi yangu mzaa baba alikuja kwetu kutoka Tabora akiwa mtu mzima, akajifunza Kiswahili cha sokoni na kukitumia miaka mingi kwa ufasaha wa kutosha kuuza na kugombana. Lakini alipougua, lugha hiyo ndiyo iliyomtoka kwanza. Majirani waliokuja kumwangalia walisikia maneno wasiyoyajua wakasema kuwa anaweweseka, na mmoja akaenda kumwita shekhe. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 11, nimeketi miguuni pake, na kwa kuwa alikuwa amenilea kwa Kinyamwezi nilijua kwamba hakuwa akiweweseka hata kidogo: alikuwa akiomba afunikwe miguu kwa kuwa anasikia baridi. Nikamfunika. Watu wa pwani wana msemo kwa saa inayofuata hapo, husema mtu amekata kauli, na tangu utoto nimestaajabu jinsi wazee waliotunga usemi huo walivyotambua kwamba ulimi hutangulia na pumzi hufuata nyuma yake.

Basi nilipokuwa afisa ustawi wa jamii katika shirika dogo la kuwahudumia wagonjwa majumbani, sikuajiriwa kuwa mkalimani. Niliajiriwa kutazama nani atapika, nani atalipa kodi ya chumba, watoto watabaki na nani, na kama wapo ndugu waliogombana wapatanishwe kabla ya msiba. Lakini nilikuwa na Kiswahili cha mtaani, Kiingereza cha shule na Kinyamwezi cha bibi, ambacho kwa Msukuma hakina ugeni mkubwa. Na ukalimani ukanifuata kama kivuli. Wasukuma walikuwa wengi kuliko ambavyo mtu angetarajia katikati ya Dar es Salaam, na sababu yake ilikuwa moja. Hospitali ya Ocean Road, ambayo Wajerumani waliijenga mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya Wazungu, huku Mwafrika na Mhindi wakipelekwa katika hospitali iliyotokana na sadaka ya tajiri Sewa Haji wa Bagamoyo, ilifanywa taasisi ya saratani ya taifa zima mwaka 1996, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo mahali pekee nchini ambapo mgonjwa aliweza kupata tiba ya mionzi. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi katika nchi yetu, alisafiri kutoka Maswa au Kahama, akafikia kwa ndugu aliyepanga chumba Kariakoo, akahudhuria mionzi majuma kadhaa. Na wale ambao ugonjwa ulikuwa umekwisha kutangulia mbele ya tiba ndio walioletwa kwetu.

Waganga wetu wameiita kazi hii tiba shufaa, na sijui ni nani aliyelichagua jina hilo, lakini namwombea kheri. Shifaa ni poza, ni afya inayorudi. Shufaa ni uombezi, ni mtu kusimama mbele ya mwenye nguvu kwa ajili ya asiyeweza kujisemea. Irabu moja imetenganisha maneno hayo, na kati ya moja na jingine ndipo tulipokuwa tukifanya kazi. Cicely Saunders, Mwingereza aliyefungua nyumba ya St Christopher's mjini London mwaka 1967 na ambaye dunia nzima imejifunza kwake uangalizi huu, alikuwa muuguzi kabla hajawa daktari, na katikati ya hayo mawili alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini. Ni katika kazi hiyo ndipo alipokutana na David Tasma, Myahudi kutoka Warsaw, aliyekuwa akifa kwa saratani mwaka 1948 katika mji wa ugenini bila jamaa, akakaa naye wakazungumza, na mtu yule akamwachia pauni 500 ziwe mwanzo wa nyumba hiyo. Mara nyingi nimemfikiria Tasma. Nimejiuliza ni maneno gani ya kwao aliyoyatamani katika zile siku za mwisho, na kama palikuwa na mtu wa kuyasikia.

Nafika sasa mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Katika miaka yangu ya mwanzo tuliletewa mama mmoja Msukuma, aliyefikia kwa shemeji yake katika nyumba iliyo karibu na Mtaa wa Mchikichi, akifuatana na binti yake wa miaka kama 16 ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabika. Siku ambayo daktari alikuja kuzungumza naye, shemeji alinivuta ukumbini, mtu mwema, fundi cherehani, aliyekuwa amelala barazani majuma sita ili wageni wake wapate chumba, akaniambia, "Dada yangu, nakuomba kwa Mungu, usimwambie. Ukimwambia atakata tamaa, atakufa leo." Nikaingia. Daktari alisema taratibu, kwa huruma, akimtazama mgonjwa wala si mimi: kwamba tiba ya kuuondoa ugonjwa imefika mwisho wake, kwamba maumivu tunaweza kuyashika, naye hataachwa peke yake, kwamba kama ana nyumbani anakopenda kuwa, huu ndio wakati wa kusafiri, kwa kuwa leo ana nguvu za kukaa katika basi na baada ya majuma matatu huenda hatakuwa nazo. Akanyamaza, akaningoja. Nami nikamgeukia mama yule, nikamwambia kwa lugha ya bibi yangu kwamba daktari anasema dawa itabadilishwa, apumzike, avute subira.

Alitabasamu, akasema, "Wabeja," yaani ahsante. Daktari aliliona tabasamu hilo akastaajabu, akaniuliza kama nimemwambia yote. Nikasema ndiyo.

Niliwadanganya watu wawili kwa lugha mbili katika dakika moja, na hakuna aliyekuwa chumbani mle ambaye angeweza kunikamata, maana mlango baina ya ndimi zile ulikuwa mimi. Nilijitetea moyoni kuwa ni rehema. Mama yule aliingoja dawa mpya kwa majuma matano. Kila nilipofika aliniuliza kama imekuja, na kila mara nilitafuta neno jingine la kusogeza siku mbele. Hakuwaita wanawe wawili waliokuwa Shinyanga. Hakusema ng'ombe wake wagawanywe vipi. Hakusema lolote juu ya binti yule, kwa sababu mtu anayengoja kupona haagi. Alikata kauli katikati ya masika. Nauli ya kuisafirisha maiti haikupatikana, akazikwa Dar es Salaam, mbali na kaburi la mumewe na mbali na kila mtu aliyejua jina la baba yake. Sauti ya baba yangu juu ya gunia nilianza kuisikia makaburini, mvua ikinyesha.

Sipendi kuwalaumu ndugu wanaosema usimwambie, na wafanyakazi wenzangu wanaowaona kuwa wajinga wananihuzunisha. Ombi lile hutoka katika mapenzi, na mara nyingi hutoka kwa mtu ambaye mwenyewe hajathubutu kuisikia habari hiyo mpaka mwisho. Kwa hiyo humkalisha kwanza yeye, nikamuuliza anajua nini, anaogopa nini, na mgonjwa mwenyewe akiuliza ajibiwe vipi. Swali hilo la mwisho hupata kimya kirefu. Kisha humwendea mgonjwa, wala simwagii habari kichwani. Humuuliza kama angependa mambo ya ugonjwa wake aelezwe yeye au aelezwe mtu mwingine kwa niaba yake. Wako waliosema, "Mwambieni kaka yangu, mimi niacheni," na tukawaacha, kwa kuwa hiyo nayo ni haki.

Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Congo, ambaye wanawe wanne walikuwa wamenisubiri barazani kunikataza, nilipomuuliza swali hilo alinitazama kitambo, akasema, "Binti yangu, mie nimepima vitambaa miaka 40. Sijui jora likikaribia mwisho?" Akaagiza daftari lake liletwe. Alikuwa na madeni matatu ambayo hayakuandikwa popote, na katika dini yake deni hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi, na wasia wenyewe hauvuki thuluthi ya mali. Mambo hayo aliyajua kuliko mimi, na kilichokuwa kikimwondolea usingizi kuliko uvimbe ni kwamba wanawe walipoingia walitabasamu tu, naye hakujua aanzie wapi kuwaharibia tabasamu hilo. Jioni ile waliketi wote watano mpaka isha ikaadhiniwa. Siku ya pili aliletwa mchukuzi mmoja wa sokoni, ambaye mzee alimkumbuka kuwa hakumlipa ujira wa marobota fulani tangu Ramadhani ya nyuma. Mtu yule alisimama mlangoni, jasho linamtoka, ameshika kata yake mkononi, akasema amekwisha kusamehe. Mzee akakataa kusamehewa kabla hajalipa, akamhesabia mwenyewe noti kwa vidole vilivyokuwa vikitetemeka, kisha ndipo akaomba radhi. Nilikuwa nimekaa pembeni, nikamkumbuka mama wa Mchikichi, na ng'ombe wake ambao hakuna aliyejua aliwatakia nani.

Miaka mingi imepita. Mwaka uliopita nilikuwa nikikatiza Mtaa wa Congo kwenye saa za mchana, wakati ambapo wafanyabiashara wa mikoani hufunga mizigo yao ya jumla na mikokoteni hairuhusu mtu kutembea wima, nikasikia naitwa kwa jina na cheo nilichokuwa nikiitwa zamani. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amekaa juu ya belo la nguo za watoto akimngoja mchukuzi, na sikumtambua mpaka aliponisalimu kwa lugha ya kwao. Ni yule binti. Sasa ana duka Shinyanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wengi, na huja Kariakoo mara tatu au nne kwa mwaka. Tuliulizana habari za nyumbani, za watoto na za mvua, kama ipasavyo, akasema hajambo, nami nikasema sijambo.

Kisha akaniuliza kwa Kisukuma, bila ukali wowote, "Mayu, siku ile daktari alisema nini?"

Nilijua ni siku gani. Nikamwomba tusogee kando, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, na pale nikayafasiri maneno yale mara ya pili, yote, kwa mpango wake, kama daktari alivyoyasema: kwamba tiba imefika mwisho wake, kwamba maumivu yangeshikwa, kwamba hataachwa peke yake, kwamba kama ana nyumbani anakopenda kuwa, huo ndio wakati wa kusafiri. Nikamwambia na niliyoyasema mimi badala yake, na nani aliyeniomba, na kwamba kosa ni langu. Alikuwa akizungusha kidoleni ncha ya kamba ya belo. Mchukuzi alifika na mkokoteni, akamwashiria angoje.

"Kwa basi la asubuhi," akasema, "wakati ule, angefika?"

Nikamwambia, "Angefika."